Namna ya Kuwapiga Wavamizi wa Angani kwa Kikosi cha Watu Wasiofaa

Unataka kuandika hadithi ya vita. Si vita vya mpakani. Vita vya wanadamu na viumbe wa sayari nyingine, na unataka msomaji acheke mpaka ashike mbavu. Hujawahi kuvaa kombati. Hujui risasi huingizwa upande gani wa bunduki. Fizikia mliagana kidato cha pili. Vizuri sana, uko tayari. Sogea hapa tuzungumze chini kwa chini, maana kazi hii ina vichochoro vyake, nami nimevipita miaka mingi kwa kuzisoma hadithi hizi, na sijazichoka hata leo.

Chukua kalamu.

1. Vamia mtaa wako mwenyewe

Achana na Washington. Imeshavamiwa mara nyingi na wenye fedha za kuivamia. Wewe anzia nyumbani, kama alivyofanya H. G. Wells, baba wa mambo yote haya. Alipokuwa akiandika The War of the Worlds, kitabu kilichotoka mwaka 1898, aliishi Woking, mji mdogo kusini-magharibi mwa London. Alipanda baiskeli, akawa anazunguka vijia vya huko akichagua nyumba za kuteketeza na majirani wa kuua. Ndiyo maana chombo cha kwanza cha Wamirihi, wavamizi wake kutoka sayari ya Mirihi, kinaanguka Horsell, kwenye vichaka ambavyo mtu wa Woking huvifikia kwa miguu. Nnedi Okorafor naye, katika Lagoon ya mwaka 2014, aliwashusha wageni wake Lagos, ufukwe wa Bar Beach, katikati ya wahubiri, foleni na matapeli wa mtandaoni.

Wewe unajua kona gani ya mtaa wenu maji hutuama wiki nzima baada ya mvua. Unajua mbwa wa nani hubweka saa nane usiku na duka gani hukopesha. Hayo yote ni mali, tena mali ambayo Hollywood haina. Na yule aliyekukopa akahama njia, chombo kimwangukie yeye kwanza. Wells angekuelewa.

2. Waondoe majenerali mapema

Ukiwaacha hai, utalazimika kuandika ramani, vikao na mipango ya mashambulizi. Wafyeke katika sura ya kwanza. Kwenye filamu ya Mars Attacks! ya mwaka 1996, Tim Burton alimtwaa jenerali mwenye sauti kubwa kuliko wote, Wamirihi wakampiga mwale uliomsinyaza hadi akatosha chini ya kisigino, halafu wakamkanyaga. Mkakati ukaishia hapo. Sasa uwanja uko wazi kwa watu wako.

3. Ajiri kwa kuangalia kazi za uraiani

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka.

Mwandishi mgeni husikia "askari asiyefaa" akadhani ni mjinga. Basi humwandika mtu anayejikwaa, anayefyatua risasi mguuni mwake, na ambaye mwishowe hushinda kwa bahati. Msomaji hucheka mara mbili, mara ya tatu hufunga kitabu. Hilo ni kosa, na nalisema kwa sauti. Asiyefaa si mjinga. Ni fundi aliyepelekwa mahali pasipo pake. Ana ujuzi wa miaka ishirini ambao jeshi halikuuliza, na siku moja, dakika moja, ujuzi huo ndio pekee unaotakiwa duniani.

Shule nzuri ya jambo hili haina mgeni hata mmoja kutoka angani. Ni Dad's Army, igizo la televisheni la BBC lililorushwa kuanzia 1968 hadi 1977, juu ya kikosi cha kujitolea cha raia wa Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1940 Wajerumani walipotazamiwa kuvuka bahari. Kapteni ni meneja wa benki. Sajini wake ni karani mkuu wa benki hiyohiyo. Koplo ana bucha, na mmoja wa askari kazi yake ni kuzika maiti, basi kila habari huipokea kama mteja mpya. Jimmy Perry, mmoja wa waandishi wawili wa igizo hilo, alikuwa katika kikosi cha aina hiyo mwenyewe alipokuwa kijana. Hakubuni kitu, alikumbuka tu. Kuiba maisha yako mwenyewe ni wizi usio na kesi.

Sasa peleka akili hiyo angani. John Scalzi, katika Old Man's War ya mwaka 2005, aliandikisha wazee wa miaka 75. Shujaa wake, John Perry, siku ya kutimiza umri huo anazuru kaburi la mkewe, kisha anakwenda kujiunga na jeshi. Wanapewa miili mipya ya kijani yenye nguvu, lakini vichwa ni vilevile vya wazee waliokwisha kuzika watu na kulipa madeni. Kambini yuko afande anayejivunia kumchukia kila kuruta kwa sababu maalumu. Anafika kwa Perry, anagundua kwamba uraiani aliandika matangazo ya biashara, na moja ya matangazo hayo ndilo analolipenda yeye maishani. Anakosa pa kumshika. Unaona? Kazi ya zamani imemfuata mtu hadi kwenye nyota.

Na katika Galaxy Quest ya mwaka 1999, waigizaji wa kipindi cha zamani cha televisheni wanachukuliwa na viumbe waliodhani kipindi kile kilikuwa historia ya kweli. Chombo kipo, adui yupo, na wao wanajua kuigiza tu. Wakikwama ndani ya chombo, anayewaokoa ni kijana shabiki aliyeko nyumbani kwao, aliyekariri kila korido na kila mlango. Mtoto mliyemwambia aache kupoteza muda.

Kwa hiyo kabla hujampa askari wako jina, mpe kazi. Mpishi wa shule. Mshona viatu. Mkunga mstaafu. Kondakta anayekumbuka sura ya kila abiria aliyeshuka bila kulipa.

4. Silaha ziite "bunduki" ukaendelee

Niliwahi kupewa mswada wa kijana mmoja niusome. Kurasa kumi na moja zilikuwa za bunduki: urefu wake, uzito wake, rangi ya moto wake, aina ya chuma. Mpishi wa kikosi, mtu pekee niliyetaka kumjua, alipata mstari mmoja, akafa katika mstari huohuo. Nilisikitika siku nzima kwa ajili ya yule mpishi.

Poul Anderson alitafuta njia ya kuikimbia mitambo yote kwa mkupuo. Katika The High Crusade ya mwaka 1960, chombo cha wavamizi kinatua Ansby, kijiji cha Uingereza, mwaka 1345, wakati Sir Roger, bwana wa eneo hilo, anakusanya watu kwenda kupigana Ufaransa. Wavamizi hao wana silaha za kuua kutoka mbali kiasi kwamba wamesahau kabisa kupigana ana kwa ana. Watu wa Sir Roger hawajui kingine. Wanaingia ndani na mapanga, wanakiteka chombo, kisha wanapakia kijiji kizima, wanawake, watoto na mifugo, ili wakakitumie chombo hicho vitani Ufaransa. Mvamizi mmoja aliyebaki hai anakigeuza kielekee kwao. Yote hayo yamesimuliwa na mtawa anayehangaika kujua Biblia inasema nini juu ya watu wa rangi ya buluu. Hakuna haja ya kueleza injini. Mtawa hajui injini, nawe hujui, mko salama pamoja.

5. Adui mpe ukubwa usiotarajiwa

Harry Harrison alihudumu katika jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akatoka na hasira ya kutosha kuandika Bill, the Galactic Hero, kilichotoka mwaka 1965. Bill ni kijana wa shamba ambaye ndoto yake ni kuwa fundi wa mbolea. Kambini anafundishwa kwamba adui ni mijusi yenye urefu wa futi saba. Baadaye anajua ukweli: urefu wao ni inchi saba. Tena mmoja alikuwa nao kambini tangu mwanzo, amejificha ndani ya kichwa cha mtu wa bandia, yule kuruta mwema kupita kiasi aliyewapigia wenzake wote rangi buti zao kila usiku bila kulalamika. Walimchukia kwa wema wake. Hakuna aliyemshuku.

Kuhusu majina, usiokoteze herufi za kukwaruza koo. Katama Mkangi wa Kenya, katika riwaya yake ya mwaka 1995, alimrusha mtu aliyehukumiwa kifo hadi kwenye dunia nyingine iitwayo Walenisi. Lisome polepole. Wale ni sisi. Kiswahili chenyewe kilimfanyia kazi, na wewe kitakufanyia ukikipa nafasi.

6. Ficha mwisho wako ukurasa wa kwanza

Huu ndio ujanja mkubwa kuliko yote.

Adui wako ana nguvu za kutisha. Lazima aanguke kwa kitu kidogo, na msomaji asikupigie kelele kwamba umemdanganya. Ukikileta kitu hicho sura ya mwisho, umedanganya. Ukikiweka mwanzoni, machoni pa watu, wewe ni bingwa.

Watu husema Wells alijitoa kwa urahisi: Wamirihi wanashinda kila kitu, ghafla wanakufa kwa vijidudu. Hebu rudi aya ya kwanza kabisa ya kitabu. Wamirihi wanatutazama kutoka mbali, na Wells anatufananisha na vijidudu vinavyoogelea katika tone la maji, vinavyotazamwa na mtu mwenye hadubini. Vijidudu vilikuwa pale tangu mwanzo. Tulidhani ni tamathali tu ya kupamba maneno, tukavipita, navyo vikasubiri hadi mwisho. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Burton alifanya vivyo hivyo kwa njia ya kuchekesha. Bibi mzee yuko katika nyumba ya wazee, kavaa vidude vya masikioni, anasikiliza santuri yake ya zamani ya mwimbaji Slim Whitman, amewapa mgongo Wamirihi wanaomlenga. Mjukuu wake, muuza maandazi ambaye familia haikumthamini, anaingia. Vidude vinachomoka, sauti ile nyembamba ya kupanda juu inajaa chumba, na ubongo wa Mmirihi unapasuka ndani ya kofia yake ya kioo, maji ya kijani yakitapakaa kwa ndani. Bibi yule tulimwona na muziki wake tangu mapema. Tulidhani yumo kwa ajili ya kutuchekesha.

7. Sasa tuijaribu, mimi na wewe

Mchukue fundi baiskeli. Yuko chini ya mwarobaini wake, pembeni ya ile kona ambayo maji hutuama. Baiskeli ya mteja imepinduliwa, magurudumu juu, na mteja ameambiwa aje Alhamisi. Karai la maji, msasa, kopo la solusheni. Fundi anajaza tyubu upepo, anaizamisha karaini na kuizungusha polepole mpaka viputo vinapanda mahali fulani. Anapaweka alama kwa kucha. Ufundi wote wa dunia yake ni huo: kutazama maji na kungoja yaseme.

Wavamizi wanatua. Mgambo wanaitana, na fundi anabebwa na karai lake kwa kuwa hakuna kofia ya chuma ya kumtosha. Wavamizi wamevaa mavazi ya mpira yaliyojaa hewa ya kwao. Risasi hudunda. Wana mazoea ya ajabu: wanakwepa madimbwi. Watu wakubwa wanasema wanaogopa maji. Wanaita magari ya zimamoto, wanawamwagia, hakitokei kitu.

Siku ya tatu mvamizi mmoja anateleza, mguu unaingia kwenye lile dimbwi la kona. Afande anapiga kelele watu walale chini. Wote wanalala. Fundi anabaki amechuchumaa, macho majini. Pale kwenye kifundo cha mguu wa mvamizi pana kiraka, na ukingoni mwa kiraka vinapanda viputo, kimoja, kimoja, vidogo kama punje za ulezi.

"Afande," anasema, "yule ana pancha."

"Lala chini!"

"Wamebandika kabla solusheni haijakauka. Na hawakupiga msasa."

Anasema kwa masikitiko, kama mtu aliyeona kazi mbovu ya fundi mwenzake. Kisha anatoa njiti ya gurudumu mfukoni na kutambaa.

Hapo kila kitu ulishakiweka. Dimbwi lilikuwepo mtaani kwenu kabla ya hadithi kuanza. Na sababu ya kukwepa maji sasa inaeleweka: hawakutaka tuone wanapovuja.

8. Mpe afande haki yake

Usimfanye afande kuwa kelele tupu. Bill wa Harrison ana wake, mkufunzi aliyejipachika meno marefu kama ya ngiri, na anatisha kweli. Mtisho huo ni muhimu. Kambi isiyotisha haichekeshi.

Na kwata ni hazina. "Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka!" Waweke katika mstari mshona viatu, mkunga na kondakta, uwaambie wageuke nyuma, nao wageuke kila mmoja upande wake. Kisha mfanye afande anyamaze kidogo na kurekebisha mkanda wa yule mkunga kwa mikono yake, taratibu, bila neno. Ukifanya hivyo msomaji atamfuata afande huyo popote.

9. Mruhusu mtu mmoja ajione mkombozi

Kila mwanadamu anaamini kwamba dunia ikianguka, yeye ndiye ataibuka kiongozi. Wewe unaamini, mimi naamini. Wells alilijua hilo, akatupa askari wa mizinga anayekutana na msimulizi Putney. Maneno ya mtu huyu ni ya moto: watajenga maisha mapya chini ya ardhi, ndani ya mitaro ya London, watachagua watu imara, watajifunza sayansi ya Wamirihi na kuteka vyombo vyao. Msimulizi anaamini, moyo unampanda. Kisha anaonyeshwa handaki lenyewe. Kazi ya wiki nzima, na urefu wake haufiki hata yadi kumi. Wanachimba kidogo. Askari anapendekeza wapumzike. Wanakula, wanakunywa shampeni, wanavuta sigara kubwa, wanacheza karata hadi usiku huku mji ukiwa umekufa nje.

Kila nikiusoma ukurasa ule nahisi namjua mtu yule. Muweke mmoja kwenye kikosi chako, na usimuadhibu. Mpe karata.

10. Mmoja afe, na kicheko kisimame

Attack the Block, filamu ya Joe Cornish ya mwaka 2011, ni ya vijana wa majengo ya serikali kusini mwa London wanaopambana na viumbe weusi tii wasio na macho, meno yao yakiwaka gizani. Silaha zao ni fataki, rungu la besiboli na upanga wa kupamba ukuta. Mmoja wao anakaa ndani ya pipa la taka karibu filamu nzima, na wanaokuja kumtoa ni watoto wawili wadogo wenye bunduki ya maji waliyoijaza petroli. Utacheka. Lakini kuna wavulana ambao hawarudi nyumbani, na Cornish hawachekei hata kidogo. Moses, kiongozi wao, aliyeigizwa na John Boyega, anabaki akijua kwamba viumbe wale walimfuata yeye, kwa harufu iliyomganda siku alipomuua wa kwanza.

Chekesha kuhusu buti, uji wa kambi, kwata, hofu na majivuno. Maiti mpe ukurasa wake, utulie. Katika kikosi chetu afe kondakta. Awe amesimama mlangoni mwa basi, akihesabu watu wanaoingia kama alivyozoea, mmoja mmoja, asiondoke mpaka hesabu itimie.

11. Kila mtu arudi kazini

Nishani zipo, mtu atatoa hotuba, ipite kwa sentensi moja. Fundi amerudi chini ya mwarobaini. Karai lina tundu la risasi, ameliziba kwa kiraka, kwa msasa, kwa kungoja solusheni ikauke. Mshona viatu amekaa jirani, kimya, amebeba daftari la nauli la marehemu. Ile baiskeli bado imepinduliwa, magurudumu juu. Mwenyewe anakuja, anatazama baiskeli, anamtazama fundi.

"Fundi, uliniambia Alhamisi."